Beseni Chini ya Dirisha la Tatu

Vijana wangu wa wodini, siku ya kuniaga mliniomba niseme maneno machache. Nikasimama, nikalia, nikakaa. Soda zikanywewa, keki ikakatwa, na maneno yakabaki tumboni. Sasa niko nyumbani hapa Rumonge, sina wa kumchoma sindano, na mume wangu amechoka kupimwa joto asubuhi na jioni kama mtoto mchanga. Anasema heri niwasumbue nyinyi. Basi nimekaa niwaandikie yale niliyoshindwa kuyasema.

Msitarajie habari za vyeo. Nitawaeleza habari za madirisha, na za ngorofani moja, toroli la kubebea ngazi, yaani mikungu ya michikichi, na za mwanamke mmoja aliyeitwa Stefania. Mambo mengine yote niliyoyajua mtayakuta vitabuni, tena yamepangwa vizuri kuliko kichwani mwangu.

Nilianza kazi mwaka wa uhuru. Wenzangu wakiukumbuka mwaka ule wanakumbuka bendera na ngoma. Mimi nakumbuka bawaba zenye kutu. Hospitali yetu wakati huo ilikuwa jengo moja refu mchangani, hatua chache tu kutoka majini, na michikichi miwili mitatu ikiinama juu ya bati. Ndani mlikuwa na wodi mbili zilizogawanywa kwa ukuta. Moja tuliiita Wodi ya Ziwa, kwa sababu madirisha yake yote yalitazama ziwa. Nyingine iliitwa Wodi ya Barabara, ingawa ukweli ni kwamba barabara yenyewe ilionekana kidogo sana. Mgonjwa akifungua macho alichokiona ni ukuta wa ghala la mawese. Siku hizo nilikuwa msichana mwembamba, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, na mama yangu alikuwa ameniambia kuwa kazi ya hospitali ni kuvaa nguo nyeupe na kutembea taratibu.

Aliyenipokea ni Papa Melkiori, muuguzi mkuu, mtu wa ng'ambo ya ziwa, wa upande wa Fizi, Kongo. Alikuwa na mikono mikubwa ya mvuvi na sauti ndogo ya mtu anayeongea kanisani. Aliniangalia kuanzia kilemba hadi viatu.

"Weye ndiye binti wa fundi Ramazani?"

"Ndiyo, Papa."

"Sindano unajua?"

"Hapana."

"Haiko shida. Leo hakuna sindano. Anza kufungua madirisha."

Nikadhani ananidharau. Kumbe kufungua madirisha ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Kila mgonjwa alikuja na murwaza wake, yaani ndugu wa kumuuguza, wa kumpikia na kulala chini ya kitanda chake. Na kila murwaza wa pwani hii, awe wa Minago au wa Kabonga, aliamini kwamba upepo wa ziwa ni adui wa mgonjwa, kwamba unamwingia kifuani na hautoki. Kwa hiyo mimi nilifungua, wao wakafunga. Nilipogeuka tu, dirisha lilizibwa kwa mkeka, kwa kitenge, kwa gunia. Mama mmoja mnene aliketi dirishani penyewe na mgongo wake ukaziba lote, akanitazama kwa utulivu, akimenya mihogo. Watu waliozaliwa wanausikia upepo ule, waliolelewa nao, walimficha mgonjwa wao asiuguse.

Nilikwenda kulalamika. Papa Melkiori hakugomba. Aliingia wodini, akawaamkia wote, "Amahoro," akavuta kigoda akakaa katikati yao.

"Wamama," akasema, "mutoto akizaliwa, banamufunga ndani na mama yake, ni vile?"

"Ni vile," wakajibu.

"Na siku ya kumusohora iko inafika, ao haifikake?"

Wakacheka. Mila hiyo kila mmoja aliijua. Mzazi na mtoto hukaa ndani, kisha siku inafika wanatolewa nje, wanaonyeshwa jua na watu, chakula kinapikwa, na wanawake wanapiga impundu, vigelegele vyetu vya furaha. Mtoto asiyetolewa nje hajafika bado duniani.

"Sasa mugonjwa naye iko mutoto," Papa Melkiori akasema. "Atakaa ndani mpaka lini? Kesho tunamusohora."

Hivyo ndivyo ilivyoanza desturi ya hospitali yetu, ambayo hamtaikuta katika mwongozo wowote. Asubuhi, baada ya vidonda kuoshwa, kila aliyeweza kusogezwa alitolewa hadi ukingoni mwa maji. Waliojiweza walitembea. Wasiojiweza walipandishwa kwenye ngorofani iliyotolewa na wakamuaji wa mawese, yenye gurudumu la chuma lililolia njia nzima. Tuliipigilia godoro la majani. Madoa mekundu ya mafuta hayakutoka kamwe, na mfuaji wetu wa shuka aliapa kila Ijumaa kwamba ataacha kazi. Alistaafu kabla yangu kidogo tu. Na mgonjwa anapotolewa kwa mara ya kwanza, wanawake wote wa wodini walimpigia impundu, hata kama ni mzee mwenye ngiri. Baada ya miezi michache warwaza walewale walikuwa wakigombania zamu. Yule mama mnene wa mihogo alinifokea siku moja eti nimechelewa kufungua dirisha.

Dogiteri alikuja kutoka Bujumbura siku maalumu, Mzungu kijana mwenye vumbi la njia nzima kwenye nyusi. Alimpenda Papa Melkiori lakini hakuamini mambo kwa urahisi, na kwa hilo nami nilimpenda. Alituuliza kwa nini tunapoteza asubuhi nzima kutembeza watu. Papa Melkiori akamwambia kwamba wa Wodi ya Ziwa wanalala vizuri, wanakula, na dawa za maumivu hawaziombi kama wale wa Wodi ya Barabara. Dogiteri akafikiri, akasema huenda ni kwa sababu wale wepesi ndio wanaolazwa upande wa ziwa. Papa Melkiori akakuna kidevu. Ilikuwa kweli kwamba wakubwa na marafiki walipenda kulazwa kule.

Basi tukakubaliana jambo. Tangu siku hiyo mgonjwa hatachagua kitanda, wala muuguzi hatamchagulia. Atalala penye nafasi kwa zamu ya kufika, huyu ziwani, huyu ukutani. Uji ule ule, dawa zile zile, sisi wenyewe wale wale. Wa Barabara tutaacha kuwatoa nje kwa muda, na tutaangalia. Dogiteri alitufundisha kuangalia, na hilo ndilo somo kubwa nililopata kwake. Usimuulize mgonjwa kama anaendelea vizuri, maana atakuambia ndiyo ili uondoke. Angalia sahani yake. Angalia kama anamtania jirani. Sikiliza anavyogeuka kitandani.

Tukaangalia msimu mzima, na jambo lile likabaki vile vile. Niliona watu wawili wa kijiji kimoja, waliopasuliwa ngiri wiki moja kwa mkono wa Dogiteri mwenyewe, mmoja akitazama maji na mwingine akitazama ghala. Wa ziwani alikuwa anasuka kamba ya wavu wakati mwenzake bado anaomba vidonge. Dogiteri alisimama mlangoni kati ya wodi mbili, akageuza kichwa huku na huku kama mtu anayesubiri gari. Nilimuuliza sababu yake ni nini.

"Sijui," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi naona. Sijui."

Nimekaa na neno lile maisha yangu yote. Sijaona mtu msomi akisema "sijui" na uso wake ukang'aa namna ile.

Ndipo akaletwa Stefania. Alikuwa mchemshaji wa mawese wa Minago, mke wa mvuvi aitwaye Lazaro. Pipa la mafuta lilikuwa limepinduka jikoni, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeungua kuanzia goti hadi kidoleni. Kwa zamu ya kufika, akaangukia Wodi ya Barabara.

Nyinyi mna dawa nzuri siku hizi. Sisi kidonda cha moto tulikisafisha kwa maji ya chumvi na kibano, na mgonjwa akiwa macho. Nilipokuwa nikitoa bandeji yake, Stefania aliuma kona ya shuka, akautazama ule ukuta wa ghala, na macho yake yakawa makavu kabisa. Hakulia. Alitetemeka tu, kitanda kizima kikatetemeka naye. Siku ya tatu alianza kutetemeka aliponisikia nikija. Nikarudi jikoni nikakaa juu ya gunia la mkaa, nikasema kazi hii siiwezi.

Papa Melkiori alitaka tumhamishie ziwani. Lakini tulikuwa tumemwahidi Dogiteri kwamba hatutahamisha mtu, na Papa Melkiori alikuwa mtu wa ahadi. Tukamsubiri Dogiteri. Alipofika nilimshika mkono wa koti, jambo ambalo msichana wa kazi hafanyi, nikampeleka hadi kitandani nikaanza kufungua bandeji mbele yake. Hakungoja nimalize.

"Mtoeni," akasema. "Leo. Mimi nilitaka kujua. Yeye si wa kujulia."

Akainama akashika mwenyewe mkono mmoja wa ngorofani. Tukamtoa Stefania na gurudumu likilia, na wanawake wa wodi zote mbili wakatoka wakapiga impundu mpaka wauza samaki sokoni wakaitikia bila kujua ni ya nani.

Kuanzia hapo bandeji yake nilimfungulia ukingoni mwa maji. Mara ya kwanza aliiuma shuka kama kawaida. Kisha akaitoa mdomoni.

"Iko pale," akasema.

"Nani?"

"Lazaro. Ona ndege wale weupe. Pale wanashuka, ndagala iko chini. Na pale ndagala iko, na mume wangu iko."

Mimi niliona maji tu, dagaa wake sikuwaona. Yeye aliona mji. Alinionyesha palipo na kina na pasipo na kina kwa rangi. Alinionyesha upepo ukija kabla haujafika, mstari mweusi unaotembea juu ya maji. Alizungumza, na kibano changu kikafanya kazi, na kitanda hakikutetemeka. Maumivu yalikuwepo, niliyaona shingoni mwake. Ila alikuwa na mahali pa kuyaweka. Nilipofunga bandeji mpya aliniuliza, "Umekwisha?" Nikainua macho nikalitazama ziwa kama sijapata kuliona, mimi niliyezaliwa kando yake. Ilinishika hofu, ile hofu ya mtu aliyeingia nyumba ya mkubwa bila kubisha. Lazaro alikuwa akija kumwona kila jioni na mikeke, samaki wa ziwa letu, kwenye ujiti, mmoja wake mmoja wangu. Stefania aliondoka akitembea, mguu una kovu la kung'aa, akaniambia nikipita Minago nisinunue mafuta kwa mtu mwingine.

Miaka ikapita. Dogiteri alimaliza mkataba akarudi kwao. Nilipelekwa shule ya uuguzi, nikarudi na cheti na miwani. Papa Melkiori aliendelea kuuliza swali lile lile kila asubuhi kabla ya salamu, kama madirisha yako wazi.

Mwaka wa 1972 sitausimulia. Wenye kuujua wanaujua, na asiyeujua awaulize wazee wake kwa upole, na wakinyamaza awaache. Hapa nasema yaliyoingia wodini tu.

Papa Melkiori alikuwa amevuka kwenda kwao kumzika dada yake, na ziwa likafungwa nyuma yake. Hakuna chombo kutoka, hakuna chombo kuingia. Siku zenye hewa safi tuliiona milima ya kwao kule ng'ambo, karibu kabisa, na yeye alikuwa huko chini ya milima hiyo. Kisha ikaja amri kwamba mtu asisogee ufukweni, na madirisha yote ya upande wa ziwa yapigiliwe mbao, taa isije ikaonekana majini. Waliokuja na misumari walifanya kazi yao haraka. Wodi ya Ziwa ikawa giza kama ghala.

Wiki mbili hazikupita nikaona nilichokuwa sitaki kukiona. Watu walewale, katika vitanda vilevile, walianza kuomba vidonge. Sahani zilirudi na chakula. Majirani waliokuwa wakitaniana wakagombana kwa kikombe. Najua mtasema ni hofu ya mwaka ule, na kweli hofu ilikuwepo. Lakini Wodi ya Barabara ilikuwa na hofu hiyo hiyo, na sasa nilishindwa kuzitofautisha wodi mbili. Swali la Dogiteri lilikuwa limejijibu kwa namna ambayo hakuna mtu mwema angeomba.

Katika giza hilo akaletwa Stefania. Alisindikizwa na jirani yake Konsolata, mwanamke mfupi, hodari, aliyemkokota kutoka Minago kwa mguu na kwa maneno. Hakuwa na jeraha. Kovu la mguu lilikuwa vile vile. Lakini alikuwa hasemi wala hali. Konsolata alinieleza kwa sauti ya chini. Siku ya vurugu Lazaro alikuwa amepakia watu kwenye mtumbwi, akavuta makasia kuelekea ng'ambo. Mke alikuwa juu mlimani, mashambani. Aliposhuka hakukuta mume wala mtumbwi. Kama walifika, hakuna aliyejua. Kama hawakufika, pia hakuna aliyejua.

Nilimlaza kitanda cha ukutani, mkabala na dirisha la tatu. Akageukia ukuta, mgongo kwa madirisha, na akakaa hivyo. Konsolata alimnyanyua kichwa akamtilia uji.

"Mugonjwa haulizwi uji," alisema, akimwagia kwa nguvu. Uji ukateremka kidevuni ukaingia shingoni. Stefania hakujifuta.

Nilijua mtu anavyokufa kwa njia ile. Inachukua muda, na haina dawa kabatini. Ngozi ya mkono ukiivuta haikurudi. Mapigo yalikuwa mepesi chini ya kidole changu, na kila asubuhi nilipoingia nilianza kwa kitanda kile.

Nikasema, kama siwezi kumpeleka ziwani, nitalileta ziwa. Nikaleta mchanga mbichi kwenye sufuria, nikauweka karibu na mkono wake. Nikaleta matete. Mwisho nikaleta kisonzo, kikapu kidogo, cha ndagala mbichi, nikakiweka juu ya kigoda ili harufu imfikie. Mabega yake yakajikunja, akajifunika shuka usoni. Nikaelewa nilichofanya, nikazitoa ndagala mbio. Ziwa lilikuwa limemchukulia mumewe, na mimi nilikuwa namletea harufu ya mikono yake. Nilikwenda nikasimama nyuma ya jengo. Nilimtaka Papa Melkiori, nilimtaka Dogiteri, nilimtaka mtu yeyote mzee kuliko mimi.

Siku mbili baadaye nilikuwa nikiosha bandeji alasiri. Beseni lilikuwa lile jeupe la bati lenye ukingo wa buluu, na nililiweka chini ya dirisha la tatu kwa sababu ndipo palipokuwa na upenyo; ubao ulikuwa umepasuka kandokando ya msumari. Nikamwaga maji machafu, nikatia safi, nikainuka kwenda kuchukua sabuni. Nyuma yangu wodi ikanyamaza yote.

Nikageuka. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Kongo, likaingia kwa ule upenyo, likapiga majini, na darini palikuwa panatembea. Sijui kusema vingine. Dari yetu ya mbao zilizopakwa chokaa ilikuwa inapita mawimbi, moja, lingine, yakikutana yakiachana, nyuzi za mwanga zikijisuka na kujifumua. Mzee aliyekatwa mguu alinyoosha kidole juu. Mtoto wa kifaduro aliacha kukohoa. Nilisimama na mikono mitupu na nywele zangu zikasisimka chini ya kilemba. Ziwa zima, lenye walinzi na misumari na amri, lilikuwa limeingia ndani kwa beseni la kufulia.

Jua lilivyozidi kushuka, mwanga nao ukashuka. Ukatoka darini ukaja ukutani, ukateremka polepole juu ya chokaa, mpaka ukafika kitanda kile, mbele ya macho ya Stefania, mahali ambapo hakuwa na pa kugeukia tena.

Niliona kope zake zikifuata.

"Kile iko nini?" akasema. Sauti ilikuwa kavu kama ganda la muhogo.

Konsolata alidondosha kijiko. Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kusema ni jua tu, nikimwogopea. Nikakumbuka yule Mzungu na "sijui" yake, nikanyamaza. Stefania akatoa mkono shukani, akaugusa ukuta, na mwanga ukapita juu ya vidole vyake.

"Ni ziwa," akasema. "Limenifuata."

Akalia. Alilia kwa sauti, kilio kizima kilichokuwa kimekaa ndani tangu siku ile, na nikakaa kitandani nikamshika mpaka mwanga ukatoka ukutani. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Asubuhi yake alikunywa uji, vijiko vichache, akisema anataka awe macho alasiri.

Tukawa tunalitia maji kila siku. Warwaza walidai lazima yawe ya ziwa. Mimi nilijua ya bomba yangeng'aa vile vile, lakini sikuwa na haja ya kubishana. Walinzi walituruhusu kuteka ndoo mbili. Alasiri moja askari mmoja aliingia na nyundo mkononi.

"Nani anawasha taa humu?" akauliza. "Nje inaonekana kwa ufa."

Nikamwonyesha beseni kwa kidole, nikamwonyesha juu. Akainua kichwa. Nyundo ikashuka taratibu mpaka ikagusa paja lake. Alikuwa mtu wa bara, wa milimani. Ilionekana kwa alivyoyatazama mawimbi yale.

"Ni maji?" akaniuliza.

"Ni maji tu, afande."

Alikaa vile mpaka mwanga ukaanza kuteremka. Kisha akasema, "Murakoze," yaani asante, sijui kwa nani, akatoka. Ubao haukupigiliwa.

Kiangazi kilipokuwa kinakwisha, amri ikalegea. Tuliong'oa misumari tulikuwa sisi wenyewe, kwa patasi ya seremala na kisu cha jikoni. Nikaitoa ngorofani stoo. Gurudumu lilikuwa limeshika kutu, nikalipaka mawese. Stefania sasa aliweza kukaa, akawa wa kwanza.

Tulimtoa. Gurudumu lililia njia nzima, na hapakuwa na sauti nyingine. Wanawake walisimama mlangoni na vinywa vimefungwa. Mwaka ule hakuna aliyepiga impundu kwenye pwani hii. Kila mmoja alikuwa na mtu wake, asijue amlilie au amngoje, na vigelegele vingekuwa matusi. Nilisukuma nikitazama kisogo cha Stefania tu.

Ukingoni akaomba ashuke. Konsolata akamshika upande mmoja, mimi upande mwingine. Akaingia majini mpaka kwenye kovu la mguu. Milima ya ng'ambo ilikuwa wazi asubuhi ile, na mstari mweusi wa upepo ulikuwa unakuja, mimi mwenyewe niliuona. Aliungoja. Ulipomfika kifuani akainua mkono mdomoni akapiga impundu, nyembamba, iliyokatika katikati. Akavuta pumzi akapiga tena.

Konsolata akashtuka. "Stefania, unamupigia nani?"

"Lazaro. Kama iko ng'ambo, asikie."

Nyuma yetu, mlangoni, mwanamke mmoja akapiga. Kisha mwingine. Kisha wote, wakigeukia majini, kila mmoja kwa mtu wake.

Lazaro hajarudi. Nasema hajarudi, sisemi hakurudi, kwa kuwa Stefania mwenyewe alisema hivyo mpaka alipozeeka, na alichemsha mawese miaka mingi, jiko lake amelielekeza majini. Papa Melkiori naye hakurudi kazini. Njia ilipofunguka, mvuvi mmoja alituletea salamu zake. Hakuuliza mshahara wala vitu vyake. "Anauliza kama madirisha iko wazi," mvuvi akasema. Nikamwambia amjibu yako wazi.

Wanangu, jengo sasa ni jipya na madirisha ni ya vioo, lakini beseni mnalifahamu. Liko chini ya dirisha la tatu, na najua mmoja wenu amekuwa akilowekea soksi humo. Asilowekee. Likitoboka, nunueni jingine la bati jeupe. La plastiki halitoi kitu, nimejaribu. Maji yasijae sana. Alasiri, jua likianza kushuka upande wa Kongo, litieni maji mwendelee na kazi zenu. Na mgonjwa akiuliza kile ni nini, msikimbilie kumjibu.